Vidonge vya Presha na Haki ya Unyumba

Yumkini yupo msomaji wetu kule Kipatimu aliyeanza vidonge vya presha, kisha akaona nguvu za unyumba zimepungua. Akaviacha kimyakimya, mkewe naye akashuku kuwa mke mwenza yu njiani. Tuseme bila kuzunguka: atenololi na baadhi ya dawa za kuongeza mkojo huweza kuleta udhaifu huo, ilhali amlodipini na losatani aghalabu zina nafuu. Lakini presha yenyewe, isipotibiwa, huharibu mishipa ile ile ya damu, na atenololi ikikatizwa ghafla huweza kuudhuru moyo. Mume amweleze tabibu, aombe kubadilishiwa. Aende na vidonge mkononi, kwani majina hayo husahaulika upesi. Mkewe aambiwe leo.