Bibi harusi, mlimani kuumwa husemwa



Msimu wa harusi umefika, na mwaka huu wanaotaka kumalizia fungate juu ya Kilimanjaro wamekuwa wengi. Sisi hatuna ubaya nao. Wanaosema mlima si mahala pa mwanamke wa Kiislamu tunawajibu kwa ufupi: bibi harusi maharimu wake anaye ubavuni, na sitara inawezekana. Ugomvi wetu ni maandalizi.

Orodha zinazozunguka kwenye magrupu tumeziona. Singo wiki mbili, piko, koti la rangi moja na la bwana, mtandio wa kupigia picha kileleni. Kisha unakuja wosia: usilalamike mbele ya mume, usimwambie mwanamme wa kando kuwa unaumwa, vumilia. Hata nyumbani wosia huo tuna mashaka nao. Mlimani unaua.

Sisi tumezaliwa usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na kila pumzi ya pale inakupa oksijeni kama nusu ya ile ya Forodhani. Maradhi ya mwinuko huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, chakula hakiliki, usingizi hauji. Mtu akisema na asipande zaidi, mara nyingi mwili huzoea. Akificha akaendelea kupanda, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba. Hapo anahema ingawa amekaa, anayumba kama mlevi, maneno yanampotea. Dawa yake kubwa ni kuteremshwa mara moja, hata iwe usiku wa manane. Na ujana haukingi, wala mazoezi hayakingi.

Sasa muongozaji atajuaje, ikiwa kila asubuhi akiuliza hali anajibiwa "alhamdulillah, mzima"? Haya ni katika imani, ndiyo, lakini Qur'ani hiyo hiyo imetukataza kujitia kwenye maangamizi. Hospitali tunamwambia daktari mwanamme panapouma. Kwa nini muongozaji afichwe? Anayeshindwa kabisa amwambie mumewe, na mume aseme.

Mabwana nao tuna lao. Wanabana siku. Safari ya Marangu ya siku tano inakutoa Horombo, mita 3,720, ukalale Kibo, mita 4,720. Mita 1,000 kwa siku moja! Madaktari wa milima wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Siku ya sita, ya kukaa Horombo mwili uzoee, inaongeza gharama, kweli. Ukumbi wa harusi uligharimu kiasi gani? Mwenye uwezo achukue Lemosho ya siku nane.

Mazoezi yaanze miezi kabla: ngazi za ghorofa, kupanda na kushuka, na viatu vile vile utakavyovaa. Wiki mbili za mwisho ni za singo, hatukatazi. Vidonge vya Diamox si vya kupeana kama peremende. Kamuone daktari, hasa wewe mwenye aleji ya dawa za salfa. Na aliyechelewa siku zake apime mimba kabla ya kulipa.

Buibui refu litakutega miguu. Vaa kanzu fupi juu ya suruali pana, na shungi lisiwe la pamba, maana likilowa jasho halikauki, na kileleni usiku baridi inashuka chini ya sifuri. Ruhusa za msafiri msizionee aibu: kukusanya na kupunguza sala, kupaka maji juu ya khofu, kutayamamu pale maji ya baridi yanapohofiwa kudhuru. Masharti yake muulizeni sheikh mkiwa bado mjini, msije mkabishana kwenye hema. Funga za sunna ziacheni mpaka mrudi.

Jioni muongozaji hukubana kidoleni kifaa kidogo cha kupimia oksijeni ya damu. Piko nyeusi inaweza kukifanya kisisome sawasawa. Kwa hiyo wapakaji waambieni mapema: mikono yote sawa, lakini vidole viwili viachwe vyeupe.