Mgomo wa walimu ambao hakuna mtu anatangaza

Jumatatu tarehe 1 Septemba 2025 masomo yalifunguliwa. Hapa Butembo, toka Bulengera mpaka Mususa, asubuhi ile barabara zilikuwa nyeupe na buluu, watoto na mifuko mipya, mama wengine wanakimbia bado kutafuta kaye na kalamu. Radio zikasema rantre imeenda vizuri. Siye wa sendika ya wachimbaji tulikuwa na hesabu ingine. Hatuhesabu wanafunzi, tunahesabu watu wenye kushuka na kupanda ku shimo. Na ile Jumatatu kulikuwa bado walimu ku shimo.

Wasomaji watauliza: wachimbaji wanaingia mu mambo ya walimu sababu gani? Sababu ni kwamba mwezi wa saba na wa nane, mwalimu na mchimbaji ni mtu mmoja.

Tuchukue mwalimu mmoja tunayemjua vizuri. Anafundisha darasa la tano, katika shule fulani pembeni ya muji. Shule inatambulika, inspekta anafika, mitihani inafanywa. Lakini jina lake halijatoka ku listi ya mshahara wa serikali. Ni wale wanaitwa NP, wasiolipwa, na Kongo iko nao wengi sana. Wanatuma karatasi Kinshasa, wanangoja. Zamani ofisi ya mishahara ya walimu iliitwa SECOPE, leo inaitwa DINACOPE. Jina lilibadilika, kungoja hakukubadilika.

Vijana hawajui kwamba hii shida ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati serikali ilishindwa kulipa, wazazi na makanisa walipatana wazazi watoe kitu kidogo kwa mwalimu: primi. Ilipaswa kuwa ya muda mfupi tu, ikakaa karibu miaka 30. Kiisha, Septemba 2019, serikali ikasema masomo ya msingi ni bure, sawa vile Katiba ya 2006 inasema mu kifungu cha 43. Siye tulishangilia, tusidanganye. Mchimbaji mwenye watoto watano alipumua. Lakini kwa mwalimu NP wa shule ya msingi ilikuwa mlango kufungwa pande mbili: mzazi amekatazwa kumlipa, na serikali haijaanza kumlipa. Wengine waliingizwa ku listi miaka ile, ni kweli. Wengine wako inje mpaka leo. Na ule wa sekondari, anaishi na pesa ya wazazi, basi mavakanse yakifika wazazi hawatoi, na yeye hapati.

Hata mwenye kulipwa hana raha. Mu 2021 sendika za walimu na serikali walitia sahihi Bibwa, mu Kinshasa. Septemba 2024 walimu waligoma tena, wakiomba mshahara wa mdogo kabisa ufike dola 500, na kule Bukavu watoto walikaa nyumbani wiki nyingi. Ule mgomo tunaujua, uko na barua, uko na wasemaji, waziri anaweza kuita watu ku meza. Ule wa NP hauna barua. Mtu anachukua moto na kwenda.

Rafiki yetu akishagawa buletini mwanzo wa mwezi wa saba, anapanda moto kwenda upande wa Manguredjipa, karibu kilomita mia toka Butembo. Mwaka wa kwanza alibeba mchanga, mgongo ukamshinda. Sasa pédégé wa shimo amempa daftari: nani amekula deni ya mchele, nani amekopa mafuta, siku ngapi kila mtu amefanya. Mwalimu anahesabu vizuri, wachimbaji wanamheshimu, wanamuita tu "Mwalimu". Lakini hapokei mshahara kule pia. Anangoja fungu lake siku mshipa utatoa dhahabu. Na hapa ndipo fundo lenyewe: mshipa haujui kalenda ya wizara. Shimo likitoa tarehe 20 Agosti, anarudi na pesa, analipa butiki, anavalisha watoto wake mwenyewe, anaingia darasani na shati safi. Likichelewa, na tarehe 1 Septemba ikafika, akitoka anaacha jasho la miezi miwili kwa wenye kubaki. Mwaka huu lilichelewa. Akabaki.

Mu darasa lake direkta alifanya nini? Alichanganya la nne na la tano mu chumba kimoja. Hatumlaumu, hana mwingine wa kuweka.

Kuko kichekesho cha sheria. Kodi ya mine ya 2002, ile ilibadilishwa Machi 2018, inakataza mfanyakazi wa serikali kupata karta ya mchimbaji. Je, NP ni mfanyakazi wa serikali? Inspekta akifika, ni ndiyo. Mshahara ukifika, ni hapana. Tulimuuliza mkubwa mmoja hilo swali, akacheka, akaomba tubadilishe maongezi.

Kodi hiyo inakataza pia watoto mu mashimo, na sisi wa sendika tunapigana juu ya hiyo kila mwaka. Mwezi wa nane tulikuta kijana wa miaka kama kumi na nne anaosha mchanga. Tulimwambia: mdogo wetu, wiki ijayo masomo yanafunguliwa, rudi Butembo. Akatuonyesha kwa kidole mtu aliyekaa na daftari chini ya hema: "Mwalimu wangu ni ule pale, naye yuko hapa." Tulikosa jibu. Kusema kweli, mpaka leo hatujalipata.

Na kuko hatari kubwa kupita deni. Upande wa Beni, watu wanauawa tangu Oktoba 2014. Mu sekta ya Ruwenzori mwalimu mwenye shamba lake la kakao anaogopa kwenda kuvuna. Sasa ADF wamefika mpaka Lubero ya magharibi, palepale penye dhahabu. Usiku wa tarehe 8 Septemba, wiki moja baada ya rantre, waliingia Ntoyo, karibu na Manguredjipa, watu wakiwa matangani, wakaua zaidi ya 60. Asubuhi tulishika simu, tukapigia mashimo yote tunayoyajua kuuliza nani yuko wapi. Kati ya wale tuliowatafuta mlikuwa walimu ambao, kwa karatasi za shule, siku ile walikuwa mbele ya ubao.

Goma imekamatwa na M23 tangu Januari 2025, ofisi za jimbo zimehamia Beni, wakubwa sasa wako karibu na sisi kuliko zamani. Basi tunawaomba kitu kimoja: wahesabu NP wa Beni, Butembo na Lubero, shule kwa shule, na hesabu ibandikwe ku mlango wa kila shule, wazazi waisome. Sendika za walimu ziko na majina. Siye tuko na majina ya wale wa mashimoni, tutayatoa.

Rafiki yetu alijibu simu ile asubuhi. Alikuwa njiani, juu ya moto, amekimbia bila fungu lake. Siku iliyofuata aliingia darasani. Jioni akatupigia tena, tukafikiri ni juu ya usalama. Hapana. Aliomba tumwambie pédégé asimpe mtu mwingine lile daftari mpaka mavakanse ya Noeli.