Masaa mawili ya dada staa yanawauma nini?

Wadau, kuna dada staa wa kwetu, jina tuliache, wiki hii kachambwa kweli. Kosa lake? Alikuwa anabadilisha treni Cologne, Ujerumani, akapata masaa mawili, akaacha begi stesheni akaenda kupiga picha kwenye lile kanisa kuu. Watu wakaanza: "Masaa mawili ndo unajifanya umetembea Ulaya?"

Mi namtetea. Kanisa lenyewe liko pembeni kabisa ya stesheni, ukitoka nje tu hili hapa. Lilianza kujengwa 1248, likaja kuisha 1880. Sasa angekaa kwenye benchi anachezea simu ndo mngefurahi?

Tena wanaomcheka wengine ni wa huku huku Mara. Haya, tuambizane ukweli. Basi la Mwanza likisimama Bunda tunanunua soda, tunarudi kwenye siti. Likifika Makutano, kushoto Musoma, kulia Butiama. Wangapi tushawahi kwenda kulia? Mwalimu Nyerere alifia London 14 Oktoba 1999, akarudishwa kuzikwa kwao, pale Mwitongo. Kaburi lipo, makumbusho yapo.

Mimi nimesoma Musoma mpaka fomu foo, ila Butiama nimefika mwaka jana, tena kwa kuwa mgeni kutoka Dar aliniomba nimpeleke. Ananiuliza maswali, mwenyeji nababaika. Aibu niliyopata!

Dada wa watu kashuka kwenye treni. Sisi kwenye basi tutashuka lini?