Hipnosisi si Uchawi

Wapo wasomi miongoni mwetu ambao, wakisikia habari za tiba ya hipnosisi, ama hucheka ama huogopa. Hudhani kwamba mgonjwa hulazwa usingizi, akanyang'anywa hiari yake na kugeuzwa mtumwa wa mganga. Hiyo ni kasumba ya majukwaa ya mazingaombwe, wala si elimu.

Mwaka 1784 tume ya Ufaransa, aliyokuwamo Benjamin Franklin, ilichunguza madai ya Franz Mesmer ya kutibu kwa nguvu ya sumaku. Ikabaini kwamba nguvu hiyo haipo; kilichofanya kazi ni fikra za wagonjwa wenyewe. Daktari James Braid, aliyelieneza jina hilo lenye asili ya usingizi kwa kitabu chake cha mwaka 1843, baadaye alitaka kulibadili, kwani mgonjwa halali. Yu macho, anasikia, na aweza kukataa.

Je, ni dawa ya kila ugonjwa? La hasha! Lakini mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2008 uliipendekeza ifikiriwe kwa baadhi ya wagonjwa wa utumbo ambao dawa hazikuwafaa kwa miezi 12. Na anayedai kufufua kwayo kumbukumbu zilizosahaulika ni wa kuogopwa, maana huweza kupandikiza za uongo.

Ndugu walimu, anayeiita uchawi na tapeli anayeiuza kama muujiza wanakula sahani moja: ujinga wetu. Tuwanyime chakula hicho.