Eti wa Mikumi Aandike Tembo!

Kuna ushauri mmoja umezagaa katika vikao vyetu vya waandishi vijana, umezagaa kama kipindupindu cha masika: "Andika unachokijua." Kwa sura ni ushauri mzuri. Ubaya wake unaanza pale anayekushauri anapojifanya yeye ndiye anayejua unachokijua. Umezaliwa Kilosa? Andika reli, mkonge na mafuriko. Umekulia Mikumi? Andika tembo, simba na ajali za malori. Umezaliwa Unguja au Tanga? Haya, bahari yote ni yako, jichotee. Tumegawiwa viwanja vya kuandikia kama tunavyogawiwa viwanja vya kujenga, na hati wanazo wahariri.

Mimi nakikataa kiwanja nilichopewa, na leo nasema kwa nini.

Nimeandika riwaya. Elimu yangu ni ya sekondari tu, nilizaliwa Kilosa nikakulia Mikumi, na riwaya yangu inahusu kijana na dada yake wanaoshindana kwa ngalawa siku tatu, usiku na mchana, wakiwa wawili tu chomboni. Nikaupeleka muswada kwa mchapishaji mmoja. Baada ya miezi saba ya njoo kesho, jibu likaja, mistari minne. Kwamba mwandishi ni mtu wa Mikumi, bahari ameijulia wapi? Kwamba mashindano ya vyombo vya tanga ni mchezo wa Wazungu. Kwamba anashauriwa kuandika juu ya wanyamapori, "eneo analolifahamu." Kuhusu wahusika wangu, hakuna neno. Kuhusu lugha, kimya. Muswada ulipimwa kwa anwani iliyo juu ya bahasha!

Ndugu msomaji, hebu tuulizane. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika, nchi iliyo angani, alikuwa amepanda huko kwa ngazi gani? Mbona hakuna aliyemwambia arudi akaandike minazi ya Tanga? Elvis Musiba alipomrusha Willy Gamba wake nchi hadi nchi, tulimdai tiketi za ndege? Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, katika riwaya yake ya Paradise ya mwaka 1994 alimchukua kijana akamwingiza na msafara mpaka bara kabisa. Sisi wa bara hatukumzuia mpakani. Iweje basi mtu wa pwani aruhusiwe kupanda bara, halafu mtu wa bara akishuka pwani aombwe kitambulisho?

Sasa tuje kwenye hayo mashindano yenyewe, maana wengi wanaoyabeza hawajui yanahusu nini. Siyo zile resi za jioni watu wanakaa ufukweni wanashangilia. Nazungumzia mashindano ya mbali, bahari kuu, chombo kidogo, watu wawili au mtu mmoja peke yake. Ukiwa peke yako, hakuna zamu ya mwenzio. Wewe ndiye nahodha, baharia, mpishi, fundi na mganga. Ukilala, unalala dakika ishirini, kengele inakuamsha, unatazama kama kuna meli inakuja kukukanyaga, unalala tena. Tangu mwaka 1977 kuna mashindano yanayoitwa Mini Transat, ya kuvuka Atlantiki kutoka Ulaya hadi visiwa vya Karibi. Mtu ni mmoja, na chombo kina urefu wa mita sita na nusu. Mita sita na nusu, bwana! Hiyo ni saizi ya ngalawa.

Lakini yaliyonifanya nishike kalamu ni mashindano ya mwaka 1968. Gazeti moja la London, Sunday Times, lilitangaza zawadi kwa atakayeizunguka dunia peke yake bila kutia nanga popote. Wakajitosa tisa. Akafika mmoja tu, Robin Knox-Johnston, tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312. Chombo chake kilikuwa cha mbao ya msaji, kilijengwa Bombay, na kiliitwa Suhaili, jina la Kiarabu la upepo wa Ghuba. Suheli: neno hilo mabaharia wetu wa zamani walikuwa nalo. Kwa hiyo aliyeshinda mchezo huu wa Wazungu alishinda kwa chombo kilichochongwa ng'ambo ya bahari hii hii yetu, chenye jina ambalo mzee wa Lamu asingehitaji kutafsiriwa.

Na wale wengine nane? Hapo ndipo penye riwaya. Mmoja, Bernard Moitessier wa Ufaransa, alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda, lakini badala ya kugeuza kwenda kuchukua zawadi akaendelea mbele na bahari mpaka Tahiti. Mwingine, Donald Crowhurst, alikuwa na chombo cha matumbo matatu, tuseme binamu wa ngalawa yetu na mirengu yake. Chombo kilikuwa kibovu, madeni yalimngoja nyumbani, kwenda mbele ni kifo na kurudi ni aibu. Akafanyaje? Akabaki Atlantiki anazungukazunguka, huku kwa redio akitangaza kwamba anaizunguka dunia. Akaweka daftari la safari ya kweli na pembeni akawa anakokotoa safari ya uongo, nyuzi kwa nyuzi, upepo kwa upepo. Mwezi Julai 1969 chombo chake kilikutwa kinaelea, daftari zipo, mtu hayupo. Knox-Johnston zawadi yake ya paundi 5,000 akaipa familia ya marehemu.

Niambieni, vijana wenzangu, kama hiyo si habari yetu sisi waandishi, ni ya nani? Mtu mmoja, kalamu moja, hakuna shahidi. Ukweli wote uko mikononi mwake, aandike au azuge. Crowhurst alifanya kazi ya mtunzi, tena kwa ustadi mkubwa, na ikamuua kwa sababu alitaka isomwe kama kweli. Nilipomaliza kusoma habari zake hapa Mikumi, usiku, sikuona ajabu ya Wazungu. Nilimwona kila kijana aliyetoka kwetu akaenda mjini, mambo yakamharibikia, akawa anapiga simu nyumbani kila Jumapili kusema kazi nzuri, mshahara mnono, narudi Krismasi. Batli mbili, mshikaji wangu. Moja ya kweli, moja ya kumtuliza mama.

Watasema: haya, ni habari nzuri, lakini ya kwao. Sisi tunaingiaje? Tunaingia kwa mlango wa mbele. Mvuvi wa Mafia anayetoka na mwanawe usiku kwa tanga moja, bila injini, anaisoma nyota na kuinusa kusi kabla haijaamka, anafanya kila usiku kile ambacho wenzetu wanakifanya kwa medali. Demani ameishika mkononi, usukani chini ya kwapa, na mtoto anakumba maji. Hakuna gazeti. Wala usidhani kwamba wageni hawajalijua hilo. Kampuni ya Kiingereza iitwayo The Adventurists imekuwa ikiandaa mashindano ya ngalawa katika mwambao huu huu wa Tanzania, wageni wachache kwenye kila chombo, kisiwa hadi kisiwa, wanalipa fedha zao kuja kuteseka. Mimi siwalaumu hata kidogo, wamethubutu. Wanarudi makwao wanaandika, wanapiga picha, wanasimulia walivyopinduka. Katika simulizi hizo aliyechonga ngalawa huwa ni "fundi mwenyeji," hana jina, hana mama, hana deni. Anatokea ukurasa wa tatu kurekebisha mlingoti, anatoweka.

Nani atampa jina? Si sisi? Au tuendelee kungoja watu wa pwani peke yao wamalize, wakati mhariri huyo huyo akimwambia kijana wa Nungwi kwamba bahari imeandikwa sana, hebu alete habari za utalii?

Turudi kwenye swali la mhariri: bahari nimeijulia wapi? Nitamjibu. Mto Mkondoa, uliofurika kati ya Desemba 2009 na Januari 2010 ukabomoa reli ya kati na kuwatoa maelfu ya watu wa Kilosa kwenye nyumba zao, maji yake hayaishii kwetu. Yanaingia Wami, na Wami unamwaga Bahari ya Hindi, kaskazini ya Bagamoyo. Tope la ua wa bibi yangu liko baharini sasa hivi. Kuhusu watu wawili chomboni, nimekulia kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Nimeuza chai na chapati usiku kwa madereva wa malori na matanboi wao, watu wawili kwenye kichwa cha lori, wanaopokezana kusinzia mpaka Tunduma na kupita. Najua watu wawili waliochoka wanavyozungumza saa tisa usiku. Najua wanavyonuniana kwa ajili ya maji ya kunywa, wanavyopatana bila kuombana radhi kwa sababu mbugani mbele kuna kilomita hamsini za giza na tembo hawana taa. Ukimjua dereva na tanboi wake, nahodha na baharia wake utawashindwa wapi?

Yaliyobaki nimeyasomea. Hapa nataka tusikilizane vizuri, maana sitetei uvivu. Nilikwenda Bagamoyo nikakaa wiki tatu, nikambembeleza mzee mmoja wa ngalawa mpaka akanichukua. Nilitapika, bila shaka. Nikamuuliza, "Mzee, usiku ukiwa peke yako unaogopa nini?" Akanijibu, "Usingizi, mwanangu. Upepo hunipigia hodi, usingizi haupigi." Sentensi hiyo nisingeitunga Mikumi, nakubali. Lakini niliipata kwa kwenda kuuliza, na kwenda kuuliza hakuhitaji cheti cha kuzaliwa. Nikajifunza foromali ni ipi, joshi ni wapi, kubisha ni kufanya nini. Huo ndio ushuru wa bahari, na kila mwandishi aulipe, awe wa bara au wa pwani.

Maana na hao wa pwani nina ugomvi nao mdogo. Jamani, mmepewa bahari nzima na mnaifanya pambo! Kila hadithi jua linazama, minazi inayumba, wapenzi wanakaa kwenye mchanga, mwisho. Chombo kinapita kwa mbali kama picha ya kalenda. Nani yumo ndani? Amekula? Anakwenda kwa upepo gani? Mwandishi hajui, wala hajauliza, na hakuna mhariri aliyemuuliza bahari ameijulia wapi.

Limebaki lile la mwisho, kwamba ni mchezo wa matajiri. Zipo yoti za mabilioni, sikatai. Lakini Knox-Johnston pesa zilimwishia njiani alipokuwa anaitoa Suhaili India, ikabidi asimame Afrika Kusini kufanya kazi kwanza. Na mwaka 2022 yalipofanyika mashindano kama yale ya 1968, kwa vifaa vya zamani, bila mitambo ya setilaiti ya kukuonyesha ulipo, aliyekuja kushinda ni Mwafrika Kusini, Kirsten Neuschäfer, mwanamke aliyekuwa akijipatia riziki baharini. Mwenzake wa Ufini, Tapio Lehtinen, chombo chake kilipozama huko kusini ya Bahari ya Hindi, yeye aligeuza njia, akamwokoa, akampakia kwenye meli, akaendelea na safari. Akafika Ufaransa wa kwanza tarehe 27 Aprili 2023. Wa pili akawa Mhindi, Abhilash Tomy. Wa kwanza na wa pili wote wametoka nchi za Bahari ya Hindi! Nilikuwa nafuatilia kwenye simu, natembeza kidole juu ya ramani. Na huyo Neuschäfer alizaliwa wapi? Pretoria. Mji wa bara, kama Dodoma. Laiti angekutana na mhariri wangu akiwa mdogo, leo angekuwa anafuga ng'ombe.

Basi, kijana wa Kilosa unayesoma hapa, ambaye treni ya umeme inakupita kila siku ikitoka kwenye mahandaki ya milima yako: andika bahari ukitaka, andika mwezini ukitaka. Na wewe wa Mafia, ukitaka kuandika tembo, karibu Mikumi, kitanda kipo, nitakupeleka barabarani usiku ukawaone. Uliza, soma, tapika ikibidi, kisha andika. Atakayekurudishia muswada, mdai akuonyeshe sentensi mbovu. Akikuuliza unatoka wapi, mwambie hilo ni swali la konda.