Sauti Ipo, Acheni Kuifunika kwa Muziki

Wadau, leo naongea na wahariri wa video, na sitapindisha maneno.

Kuna ugonjwa umeingia kwenye vyumba vya kuhariria. Video inafunguliwa, picha zinacheza, spika kimya. Mhariri anabofya mara mbili tatu, anasonya, kisha anatoa hukumu: "Sauti imekufa hii. Weka muziki, msimulizi atajazia." Basi! Aliyehojiwa anabaki kuchezesha midomo kama samaki.

Sasa chukueni picha zilizopigwa Mtendeli. Kambi hiyo ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo, ilifunguliwa tena Januari 2016 kupokea Warundi waliokimbia machafuko ya 2015. Mwaka 2021 ikafungwa, waliokuwamo wakahamishiwa Nduta. Utarudi pale kumhoji nani? Mama aliyeeleza alivyovuka mpaka na watoto, kwa Kirundi ambacho Mha wa Kibondo anakielewa bila mkalimani, pengine maneno yake yamebaki kwenye faili hilo tu. Wewe unamwekea kinanda!

Na mara nyingi sauti haijafa. Tazama chini ya picha: yale mawimbi ya sauti unayaona? Kama yapo, sauti ipo. Fungua faili hilohilo kwa VLC. Ikisikika, faili ni zima, na tatizo liko kati ya programu yako na spika.

Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu ya kuhariri. Huenda inapeleka sauti kwenye skrini iliyounganishwa kwa HDMI, au kwenye hedifoni ulizochomoa jana. Chagua spika zako. Bado kimya? Linganisha vipimo: video nyingi hurekodiwa kwa hezi 48,000, na huenda Windows umeiacha kwenye 44,100 za CD. Bado? Hapo ndipo tunaifikia draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kadi ya sauti. Iondoe, pakua nyingine kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop yako (siyo zile za kuokoteza mtandaoni), iweke, kisha zima na uwashe kompyuta.

Kazi ya nusu saa hiyo. Mbona picha ikiwa na giza mnakesha mkirekebisha rangi? Ni kwa sababu tumezoea kumtazama mkimbizi, hatujazoea kumsikiliza. Sura yake yenye vumbi inatutosha, maneno tutamtungia sisi huku mjini, kwa Kiswahili chetu kizuri. Huo siyo uandishi wa habari, jamani. Mtu ameshaacha nyumba na shamba, halafu anyang'anywe na kauli yake kwa sababu ya draiva?

Mkimaliza hatua zote hizo na bado kimya, sawa, semeni imekufa. Lakini hata hapo mwambieni mtazamaji ukweli: huyu alizungumza, sauti yake imetupotea. Kinanda kaeni nacho.