Mbwa wa kufuata nyayo anastahili kamba, si rungu

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja hapa Gitega alikosa shule siku nne mfululizo. Aliporudi nilimwita pembeni nikamuuliza kulikoni. Akanieleza kwamba kaka yake, anayeishi kwao upande wa Muyinga, alikamatwa na nyama ya pongo, naye akaenda kumsaidia mama yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, na mbwa wetu tumemuua."

Nikamuuliza, nani amemuua? Akajibu: "Sisi wenyewe. Mama aliogopa watu wakimwona watasema nyumba yote ni ya majangili. Tulimpiga rungu usiku."

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Leo ninalo, na ninaliandika hapa kwa sababu najua wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu waliorudi kama mimi, au wafanyabiashara wanaopita Kobero na Kabanga kila wiki. Mambo ya mbwa hawa mnayafahamu.

Nianze kwa kusema wazi kwamba simtetei yule kaka. Kuwinda bila kibali ni kosa pande zote mbili za mpaka. Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980, ndiyo kubwa kuliko zote nchini mwetu. Ina zaidi ya kilomita za mraba 500 na inagusa Muyinga, Karuzi, Cankuzo na Ruyigi. Humo ndimo walimobaki nyati, kuro na pongo wetu. Wakiisha humo, hatuna kwingine pa kuwatafuta. Aliyekamatwa na ajibu mbele ya sheria.

Swali langu ni jingine. Mbwa yule alikuwa na kosa gani? Na pamoja naye, ni nini kingine tulichokizika usiku ule?

Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, nikasoma huko kwa Kiswahili mpaka nikawa mwalimu, nikarudi nyumbani mwaka 2008. Baba yangu alikuwa mwindaji tangu ujana wake huku Burundi, na ujuzi huo alikwenda nao uhamishoni kama wengine walivyokwenda na mbegu za maharage. Sitaficha kwamba hata kule Tabora aliingia porini bila kibali. Lakini alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja. Mbwa wake alimfunga kamba.

Wawindaji wengi wa kwetu humfungua mbwa, wakamvisha njuga ili wajue alipo, maana mbwa wetu wa asili habweki sana. Mbwa wa namna hiyo hukimbiza chochote kinachoinuka mbele yake. Baba alikuwa akisema mbwa aliyefunguliwa hachagui. Atamkamata jike mwenye mimba, atamkamata mtoto, na yule uliyemjeruhi kwa mkuki atakwenda kufia kichakani, aliwe na fisi. Aliyefungwa kamba hufuata nyayo moja tu, pole pole, mpaka mwisho wake. Huyo hawindi, anatafuta.

Nilipokuwa mtoto niliona ni mambo ya wazee tu. Baadaye nilisoma kwamba Ujerumani, ambako uwindaji wa kulungu una sheria kali, wako mbwa waliozalishwa makusudi kwa kazi hiyo, kama wale wa Hannover na wa Bavaria. Mwindaji akipiga risasi na mnyama asianguke, analetwa mbwa, anafungwa kamba ndefu ya mita kumi hivi, anaoneshwa tone la damu, naye anaongoza watu hadi mnyama alipolala, hata kama saa nyingi zimepita. Baba yangu hakuwahi kufika Ujerumani, lakini aliijua kazi hiyo.

Sasa tuzungumze juu ya kumchagua. Hapa Gitega siku hizi imeingia fasheni ya majibwa makubwa ya Kizungu. Jirani yangu alinunua mmoja aliyeletwa kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa bei ya mbuzi kadhaa. Ana sura ya kutisha kweli kweli. Lakini mbuzi wa nyumba ileile alipopotea, jibwa lilizunguka ua mara mbili likarudi kulala. Waliompata yule mbuzi ni watoto.

Tusinunue sura. Kwa kazi ya kufuata nyayo, baba alitazama kwanza mama wa mbwa kabla ya kumtazama mtoto. Je, mama ni mtulivu? Je, hufuata harufu kwa pua, au hukimbilia anachokiona kwa macho? Kisha huwaendea watoto wakiwa na umri wa majuma manane hivi. Huburuta kipande cha ngozi ya mbuzi kwenye majani wakati hawaoni, halafu huwaachia. Anayeruka na kubweka humwacha. Anayejificha akisikia sufuria ikianguka humwacha pia. Humchukua yule anayeinamisha kichwa, akanusa, akapotea njia, akairudia mwenyewe. Mbwa wetu wa asili wanaweza sana kazi hii. Ndugu zao wa Kongo, wale walioitwa basenji, jina linalofanana na neno letu "washenzi", walipelekwa Uingereza katika miaka ya 1930, na leo wanafugwa kwa heshima na gharama kubwa. Huku tunawaita koko tukiwatupia mawe.

Kumfundisha hakuhitaji fedha nyingi bali subira. Anza na mburuto wa hatua hamsini, ngozi ya mbuzi ikiwa imefungwa kwenye kamba, na mwishoni mwake mwekee zawadi. Akiweza, ongeza urefu. Akiweza tena, weka kona, kisha kijito cha kuvuka. Kisha acha saa moja ipite kabla ya kumwanzisha, halafu saa tatu, halafu usiku mzima. Akiiacha nyayo yako akafuata ya sungura, usimpige. Simama, mrudishe pale alipokosea, mwache aanze upya. Na lililo gumu kuliko yote kwa mwenye mbwa ni hili: usimwongoze. Wewe macho yako hayaoni kitu pale, yeye pua yake inajua. Miaka zaidi ya ishirini ya ualimu imenionesha kwamba hata mtoto wa darasani huharibika hivyohivyo, mwalimu akimtangulia kwenye jibu.

Mtauliza, ujuzi huu una faida gani ikiwa kuwinda kumekatazwa? Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Ng'ambo ya pili, Kongo, Hifadhi ya Taifa ya Virunga imekuwa ikitumia mbwa wa kunusa tangu mwaka 2011. Hao ni mbwa wenye masikio marefu ya kuning'inia, na kazi yao ni kufuata nyayo za jangili kuanzia pale alipomwangusha mnyama. Tanzania, kwenye mapori ya Grumeti magharibi mwa Serengeti, wako mbwa waliofundishwa kunusa meno ya tembo, risasi na nyamapori zilizofichwa. Morogoro hata panya wamefundishwa kunusa mabomu ya ardhini, wakaokoa miguu ya watu Msumbiji na Angola. Kwa hiyo pua ileile inayompeleka jangili kwa pongo inaweza kumpeleka mlinzi kwa jangili. Tofauti iko kwenye kamba, na kwa mtu anayeishika.

Na watu wa kuishika tunao. Kando ya Ruvubu wapo wawindaji wa zamani, wakiwemo majirani zetu Batwa, wanaosoma nyayo kama sisi tunavyosoma gazeti. Wapo vijana waliorudi kutoka makambini wakakuta shamba la baba limegawanywa mara tatu. Kijana wa namna hiyo, mwenye mbwa mzuri na njaa nyumbani, ataingia hifadhini leo au kesho. Ukimfunga, mwaka ujao ataingia mdogo wake. Ukimpa kazi, mshahara na kamba, utakuwa umepata mlinzi anayejua kila njia ya kuingilia.

Najua hoja za wanaopinga, na nyingine ni za kweli. Wanasema mwindaji ni mwindaji, mbwa mwenye kazi mchana atatumiwa kuwinda usiku. Yawezekana. Ndiyo maana mbwa wa kazi hulala kituoni, huandikishwa, na hatoki bila mtu wake kujulikana. Wanasema pia kwamba mbwa huleta maradhi. Hili ni kweli kabisa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijijini. Lakini mbwa hao walikuwa wanazurura bila chanjo. Mbwa wachache waliochanjwa na kufungwa kamba ni salama kuliko mamia wanaoingia hifadhini na njuga shingoni bila mtu kuwajua.

Hapa naomba niseme na ninyi wafanyabiashara wa mpakani. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Chanjo yake kwa mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu. Ukivusha mbwa mtoto ndani ya kapu bila cheti cha daktari wa mifugo, unaweza kuwa umevusha msiba wa familia ya mtu. Muuzaji mwenye cheti atauza leo na kesho atarudi kuuza tena.

Ninaloliomba kwa wenye mamlaka si kubwa. Waanze na mbwa wawili au watatu upande wa Muyinga, mkoa wa Buhumuza wa sasa, pamoja na wazee wawili wa kufundisha. Wawatumie kutafuta majangili na mitego ya waya, na mbuzi walioibwa vilimani, ili mwananchi naye aone faida. Baada ya mwaka wapime wenyewe. Wasipoona matunda, waache. Lakini wazee wanaojua kazi hii wanapungua kila mwaka, na mzee akishazikwa hakuna wa kumuuliza.

Wiki iliyopita yule mwanafunzi alinifuata baada ya kipindi. Aliniambia dada wa yule mbwa waliyemuua amezaa kwa jirani yao, watoto watano. Akataka kujua kama ni vibaya kumchukua mmoja.

Nilimwambia si vibaya. Achukue yule anayeinamisha kichwa, ampeleke kwa daktari wa mifugo akifika miezi mitatu, na kabla ya yote hayo atafute kamba.